Vifaranga Waliponyamaza

Wateja walimwita Mama Vifungo, kwa sababu nguo haikutoka mikononi mwake kabla hajavuta kila kifungo kwa nguvu, mbele ya mwenye nguo, kama mtu anayeng'oa jino. Kikitoka, alikishona upya. Kikigoma, alisema, "Haya, nenda zako. Utachoka wewe, hicho hakichoki." Kwa miaka mingi alishona sare za shule barazani kwake, cherehani ikilia tangu asubuhi mpaka taa zinapowashwa. Kisha yakaja maduka ya sare zilizoshonwa tayari, na ile cherehani ikaanza kupata mapumziko ambayo hakuna aliyeyaomba.

Mumewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, mtu wa kuja kama mgeni na kuondoka chai haijapoa. Binti yao alikuwa shule ya bweni. Aliyebaki nyumbani ni mama mkwe, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi. Bibi aliletwa pale alipovunjika nyonga, akapona, lakini mwanawe akakataa katakata arudi kuishi peke yake. Basi akabaki. Alikuwa na mkongojo wa kumsaidia miguu, na ulimi usiohitaji mkongojo.

Wawili hao hawakuwahi kupigiana kelele. Ugomvi wao ulikuwa wa adabu, na ugomvi wa adabu ndio mbaya zaidi maana hauna mwamuzi. Kila asubuhi, "Shikamoo, Mama." Kila asubuhi, "Marahaba, mke wa mwanangu." Mama Vifungo alikuwa ameolewa muda wa kutosha kuota mvi, na bado hajawahi kuitwa mwanangu. Alikuwa mke wa mwanangu, kana kwamba dereva aliondoka akamwachia mama yake mzigo amtunzie.

Alipotangaza kwamba atafuga kuku wa nyama kwenye stoo ya nyuma, Bibi aliweka kikombe chini.

"Wewe? Kuku?"

"Mimi, Mama. Watu wanafuga."

"Umewahi kumshika kuku akiwa hai?"

"Nitajifunza."

"Na hao vifaranga, mama yao yuko wapi?"

"Hawana mama. Wametotolewa kwa mashine."

"Basi ukaiite hiyo mashine," alisema Bibi, "ije iwafunike mbawa."

Bibi alikuwa amefuga kuku maisha yake yote, kuku wa kujitafutia, wa kulala jikoni na kuatamia chini ya kitanda. Alingoja aulizwe. Angeulizwa neno moja tu, angefurahi mwaka mzima. Lakini Mama Vifungo hakuuliza. Alikwenda kumwita bwana mifugo.

Bwana mifugo alikuja na buti zake za mpira, akaikagua stoo kutoka sakafu hadi bati. Kilikuwa chumba kidogo chenye mlango mmoja unaofungukia ndani, na juu ya ukuta tundu la hewa lisilozidi tofali moja. Alimwonyesha jinsi ya kumwaga maranda sakafuni, jinsi ya kuzungusha maboksi yawe duara ili vifaranga wasijibane pembeni, na wapi pa kuning'iniza balbu ya kuwapa joto.

"Umeme ukikatika?"

"Nina jiko la mkaa."

"Sawa. Lakini sikiliza vizuri." Akainua kidole. "Mkaa ukishakolea hauna moshi, hauna harufu, na unaua. Unaua kuku, unaua mtu. Mlango usifungwe, na lile tundu juu lisizibwe, hata kama mvua inamwagika kwa ndoo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Mengine watakuambia vifaranga wenyewe. Wakipiga kelele, wana baridi. Wakitawanyika midomo wazi, wanaungua. Wakiwa wanapiga soga zao chini chini, ujue umewaweza."

Vifaranga walikuja kwenye boksi lenye matundu, na boksi zima lilikuwa linatetemeka kwa sauti. Mama Vifungo aliwachovya midomo kwenye maji mmoja mmoja kama alivyoelekezwa. Mikono iliyozoea sindano ilishangaa kushika kitu chenye moyo. Kila kifaranga alipigapiga kiganjani mwake kama saa ndogo yenye haraka, naye akaogopa kukaza vidole, akaogopa pia kulegeza. Tangu siku hiyo hakuwa na raha. Akishona, sikio moja lilikuwa kwenye cherehani na jingine stoo. Alikuwa akinyanyuka katikati ya mshono, anakwenda, anainama, anasikiliza soga, anarudi, anashona pindo upande usio wake.

Kisha asubuhi moja akakuta watatu wamelaliwa na wenzao, wamekuwa bapa kama biskuti. Umeme ulikuwa umekatika alfajiri na usingizi ukamwiba. Alipogeuka na wale maiti kwenye kitambaa, Bibi alikuwa mlangoni, ameegemea mkongojo.

"Baridi," alisema Bibi. "Mlango wazi hivyo kama soko. Mtoto mchanga hawekwi upeponi. Funga mlango, wapate joto."

Ule ulikuwa ushauri wake wa kwanza, na haukuwa umetolewa kwa ubaya. Lakini ulimfikia mtu ambaye hajalala, ameshika vifo vitatu mkononi.

"Mama," alisema Mama Vifungo, "naomba hawa uniachie. Nimekupa chumba, nimekupa chakula, kila kitu cha nyumba hii unakisemea. Hawa ni wangu. Niachie."

"Nimekuachia," alijibu Bibi. Akageuka, na mkongojo wake ukasikika ukigonga sakafu, pole pole, mpaka chumbani kwake.

Tangu hapo wakanuniana. Salamu zilitolewa kama ushuru wa soko. Chakula kilipokelewa kwa "ahsante" isiyo na mkia. Na hapo katikati Mama Vifungo akaanza kuona mambo. Kigoda alichokiacha kulia mwa mlango wa stoo kilihamia kushoto. Juu ya maranda kulikuwa na punje za mahindi zilizosagwa kwa jiwe, na yeye hakusaga mahindi. Siku moja aliona alama ya ncha ya mkongojo kwenye maranda, wazi kama muhuri. Akaelewa: akienda sokoni, Bibi anaingia kukaa na vifaranga.

Angeweza kucheka. Angeweza kumpelekea chai mle mle stoo na nuno likaishia hapo. Lakini alijisemea, akitaka kuingia aniombe. Akafumba macho.

Siku ya mvua kubwa umeme ulikatika tena, safari hii baada ya kifungua kinywa. Mama Vifungo alikuwa na majoho ya kwaya ya kupeleka, na kiongozi wa kwaya alikuwa amekwisha piga simu mara mbili, mara ya pili bila salamu. Alikoleza mkaa uani, chini ya kibanda, akangoja mpaka ukawa mwekundu wote, akauingiza stoo na kuuzungushia waya. Vifaranga wakasogea, wakaanza soga zao. Aliacha mlango wazi, akaegesha ubao chini kuzuia paka.

Kisha akasimama mlangoni kwa Bibi. Bibi alikuwa ameketi kitandani, shali mabegani, ametazama dirisha.

"Natoka, Mama. Sichelewi."

Bibi hakugeuka. "Haya."

Neno lilikuwa limefika kwenye ncha ya ulimi: Mama, ukiingia stoo usifunge mlango, mna mkaa. Lakini kulisema ni kukiri kwamba anajua Bibi huingia. Ni kufungua mazungumzo. Naye aliitazama ile shali, ule mgongo uliomgeukia, akalimeza lile neno, akachukua mwavuli na kuondoka.

Huko kwa wanakwaya mambo hayakuisha upesi. Kila mmoja alitaka kulijaribu joho lake. Mwimbaji mmoja wa sauti nzito alikuwa amenenepa tangu apimwe, akakataa kukubali, akaulaumu uzi. Mvua ikashuka ikawa kama mtu anamwaga kokoto juu ya bati. Mama Vifungo alikaa na sindano pembeni, anafumua kwapa la joho, na kichwa chake kikaanza kwenda nyumbani bila yeye. Ubaridi huu. Watarundikana. Halafu, nyuma ya wazo hilo, likaja jingine, taratibu, kama maji yanayopita chini ya mlango: na Bibi naye anasikia baridi.

Aliacha sindano. Alipiga simu ya Bibi. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Bibi hakuwa mtu wa kuacha simu iite, aliipenda simu ile kuliko meno yake.

"Joho langu je?" aliuliza mwimbaji.

"Nitarudi."

"Lakini kwapa liko wazi!"

"Imba bila kuinua mkono," alisema Mama Vifungo, na alikuwa amekwisha toka, mwavuli ameusahau.

Alikimbia kama watu wazima wanavyokimbia, kwa aibu mwanzoni, kisha bila aibu kabisa. Viatu vilijaa matope, akavivua, akavibeba, akavitupa. Alijiambia kwamba Bibi amelala. Alijiambia kwamba simu haina chaji. Aliahidi mambo, hakujua anamwahidi nani. Alipofika kwenye lango mvua ilikuwa imepungua, na fundi wa kuchomelea wa jirani, yule waliyemwita Cheche, alikuwa amerudi kazini nje ya karakana yake, anampimia mteja geti.

Akaingia uani, akasimama.

Hakusikia kitu. Maji yalidondoka kutoka kwenye bati, lakini chini ya mdondoko huo, pale ambapo kwa siku zote hizo palikuwa na ile sauti isiyokatika ya vifaranga, palikuwa patupu. Wala hawakuwa wakilia kwa baridi. Na mlango wa stoo ulikuwa umefungwa.

"Mama!"

Alisukuma. Mlango ulikubali kidogo, ukagota. Kitu kilikuwa nyuma yake, kizito na laini, na mwili wake ulijua ni nini kabla ya akili.

"Cheche! Cheche, njoo! Nakufa mimi, njoo!"

Cheche alikuja na miwani yake ya giza bado iko kwenye paji la uso, mteja wa geti nyuma yake. Aliweka bega mlangoni.

"Usisukume!" alipiga kelele Mama Vifungo. "Ni Bibi, yuko hapo chini, utamvunja!"

"Ndani mna nini?"

"Mkaa."

Cheche alitazama juu, akaona kwenye lile tundu la hewa kitambaa kimejazwa. Akaokota nondo, akaichomeka, akavuta. Ikatoka shali ya Bibi, nzima, yenye maua. Halafu yeye na mteja wake wakashika ubao wa mlango na kuusukuma kwa kipimo, kama watu wanaosogeza kabati lenye vyombo vya udongo, mpaka pakawa na upenyo wa kupita mkono, kisha bega.

"Vuta pumzi ukiwa huku nje," alisema Cheche. "Ukiingia usipumue."

Mama Vifungo alijaza kifua akajipenyeza. Joto lilimpokea usoni kama mfuniko wa sufuria. Bibi alikuwa ameanguka kutoka kwenye kigoda, amejikunja nyuma ya mlango, uso umeelekea ukutani, mkongojo chini yake. Mama Vifungo aliingiza mikono kwapani mwake. Siku zote alimwona Bibi kuwa mwanamke mkubwa. Sasa alikuwa mwepesi, na wepesi ule ndio uliomtisha kuliko yote. Alimvuta kando, mlango ukafunguka, mikono ya Cheche ikaingia, wakatoka wote kwa pamoja na kuangukia kwenye matope.

"Mama. Mama, amka. Mama."

Mdomo wa Bibi ulikuwa wazi. Mama Vifungo aliweka sikio pale na hakusikia chochote ila moyo wake mwenyewe. Akaweka shavu. Akangoja. Kitu kikamgusa ngozi, chepesi kuliko uzi, kikaondoka, kikarudi.

"Anapumua!"

"Gari langu liko hapo," alisema yule mteja, na pikapu yake ilikuwa imejaa mabomba. Waliyashusha mabomba barabarani yakapiga kelele za kuamsha wafu, na labda ndiyo yaliyomgusa Bibi, maana alikohoa, akatapika kwenye magoti ya mkwe wake, akafumbua jicho moja.

"Wame..." alisema.

"Usiseme, Mama."

"Wamekufa?"

Mama Vifungo alilia hapo, kwa sauti, mtaa ukimtazama.

Zahanati waliwekwa chumba cha mbele. Muuguzi alimfunika Bibi kinyago cha oksijeni na kuwaambia wangoje. Kungoja kwenyewe kulikuwa kubaya. Kila muuguzi alipoinama, Mama Vifungo aliutafuta uso wake asome, na uso wa muuguzi ulikuwa hausomeki. Aliona vidole vya Bibi, vyenye mabaki ya unga wa mahindi kwenye kucha. Alijaribu kumpigia mumewe, akakata kabla haijaita. Angeanzia wapi? Kwamba mama yako alitaka joto?

Mchana ulikuwa unaelekea kuchwa Bibi alipovua kinyago mwenyewe na kulalamika kwamba kinanuka mpira.

"Kichwa kinagonga," alisema.

"Kitagonga kwa siku kadhaa," alisema muuguzi. "Una bahati, Bibi. Ungechelewa kidogo tu, tungekuwa tunazungumza mengine. Nani alifunga ule mlango?"

"Mimi. Na tundu nikaliziba kwa ncha ya mkongojo. Walikuwa wanasikia baridi."

Muuguzi alipotoka, Mama Vifungo alisogeza kiti.

"Mama, nilijua unaingia. Nilijua na hatari ya mkaa, bwana mifugo aliniambia. Nilisimama mlangoni kwako asubuhi, nikanyamaza. Kwa sababu ya nuno tu. Kwa sababu ya hasira za kijinga. Nisamehe."

Bibi alitazama dari.

"Ungeniambia," alisema Bibi, "nisingesikia. Ningefunga vile vile. Ningesema, huyu na bwana mifugo wake." Akafumba macho. "Lakini ungeniambia."

"Ndiyo, Mama."

"Sasa niambie. Wamekufa wote?"

Hakujua. Hakuwa amewatazama. Walijua jioni, waliporudishwa na pikapu ile ile. Cheche alikuwa amewatoa vifaranga mmoja mmoja na kuwalaza barazani juu ya vitambaa chakavu, chini ya cherehani. Wengi hawakuamka, alikuwa amewafunika kwa gunia upande mmoja. Lakini waliokuwa karibu na mlango, ambapo hewa kidogo ilipenya kwa chini, walipepesuka wakasimama. Wengine walitembea kama walevi, wakaanguka, wakajilaumu, wakasimama tena. Bibi aliomba kiti, akaketi akiwatazama.

Simu ya dereva ilikuja wakati huo huo, maana mtaa haukosi wa kupeleka habari. Sauti yake ilisikika mpaka kwa Cheche.

"Unataka kumuua mama yangu kwa ajili ya vikuku? Waondoe! Leo leo! Nikirudi nisikute hata unyoya!"

Bibi alimnyooshea Mama Vifungo mkono aletewe simu.

"Wewe," alisema Bibi. "Unamfokea nani? ... Nyamaza kwanza. Nimefunga mlango mimi, mkono wangu huu. Aliyenitoa ni huyu unayemfokea. Kama si mwanangu huyu ungekuwa unatafuta sanda sasa hivi, si unyoya. ... Ndiyo. ... Hapana, hawaondoki. Kuku ni wetu. Endesha gari lako."

Akakata simu, akamrudishia mkwe wake bila kumtazama. Wala Mama Vifungo hakuthubutu kulitaja lile neno alilolisikia. Alilibeba mpaka jikoni, akasimama nalo mbele ya sinki, bomba likitiririka juu ya mikono yake.

Siku zilizofuata hazikuwa za mteremko. Kichwa cha Bibi kilimsumbua, na kwa kitambo alisahau majina ya vitu, akiita kijiko kamba na dirisha sahani. Kila alipolala mchana Mama Vifungo alikatisha mshono akaenda kusimama mlangoni, mpaka aone shuka linapanda na kushuka. "Sijafa," Bibi alikuwa akisema macho yamefumbwa. "Kashone." Cheche alikata ukuta wa stoo na kutia dirisha kubwa la waya, na wanawake wale wawili wakabishana juu ya urefu wake tangu asubuhi mpaka fundi akatishia kuondoka. Mlango aliugeuza, ukafungukia nje.

Vifaranga waliosalia waliota manyoya meupe, wakanenepa, wakawa kuku. Bibi alitoa amri kuhusu maji, Mama Vifungo alitoa amri kuhusu chanjo, na kila mmoja alimwasi mwenzake kwa kiasi. Wanunuzi walipoanza kuja, Bibi ndiye aliyepatana nao, kwa ukali uliowafanya baadhi waage bila kununua.

Dereva aliporudi, kuku walikuwa wamebaki wachache. Alioga, akaketi mezani, akanyoosha miguu.

"Haya," alisema, "nimesafiri na njaa ya kuku hao tangu mpakani. Mnanichinjia yupi?"

Mkewe akamtazama mamaye. Mamaye akamtazama mkewe.

"Hao wana wenyewe," alisema Bibi.

Siku hiyo dereva alikula maharage.